Milimita Tisa za Shemeji

Kazini wananiita Dada Milimita, nami sikasiriki. Hasira yangu naiwekea mambo mengine. Kazi yangu ni kupima uvimbe kwenye picha za skani: nautafuta ndani ya ini, doa la kijivu, navuta mstari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine pale ulipo mpana zaidi, na kompyuta inaniambia ni milimita ngapi. Kwa wagonjwa wanaojaribu dawa yetu mpya, mstari huo ndio hakimu. Uvimbe ukikua kwa moja ya tano, dawa inasimamishwa, na wengi wao hawana dawa nyingine ya kukimbilia.

Ndiyo maana tuna desturi yetu: mgonjwa mmoja, jicho moja. Aliyempima mwanzo humpima hadi mwisho. Lakini malaria haina adabu. Iliponilaza, picha zangu akapewa Shemeji, mume wa mdogo wangu, ambaye tunafanya naye kazi chumba kimoja tukiwa tumepeana migongo.

Siku niliyorudi nilimkuta Mwalimu kwenye benchi la koridoni. Ni mwalimu mstaafu, mama mcheshi ambaye kila akija huwasahihisha wauguzi Kiswahili chao. Siku hiyo hakumsahihisha yeyote.

"Wananitoa kwenye dawa, mwanangu," akasema. "Uvimbe umekua. Namngoja Daktari tuagane."

Picha huja kwetu bila majina, lakini mwenye vyuma kwenye nyonga zote mbili ni yeye peke yake, na chuma hakijifichi kwenye skani. Nilimpima mimi mwanzoni. Nikaingia ofisini nimefura.

"Shemeji! Yule mwenye vyuma umempata ngapi?"

"Karibu, Dada. Pole na malaria."

"Pole baadaye. Mimi nilipata arobaini."

"Mimi arobaini na tisa."

"Miwani ulivaa?"

"Nilivaa. Ule uvimbe una ukungu pembeni, nami nikaupima na ukungu wake."

"Ukungu mimi siupimi!"

"Najua. Wewe hata chai unamimina kwa ubahili."

Sikucheka. Niliifungua picha mpya, nikavuta mstari wangu. Thelathini na tano. Nikakimbia kwa Daktari, mama anayeongoza utafiti, nikamwambia uvimbe umepungua.

Alinisikiliza hadi mwisho. "Umetoka kuongea na mgonjwa. Nimewaona," akasema. "Ukishamhurumia mtu, jicho linaona linachotaka. Thelathini na tano yako siwezi kuipokea."

Iliniuma, kwa sababu alisema kweli.

"Basi apime Shemeji," nikasema. "Apime ile picha ya mwanzo, bila kujua ni ya nani."

"Na akipata arobaini kama wewe?"

"Basi umekua, nami nitafunga mdomo."

Daktari akachukua kipande cha ini tu kutoka picha ile ya kwanza, akakichanganya na vya wagonjwa wengine, akaficha namba na tarehe zote. Mimi nikaamriwa kukaa pembeni, nisikohoe wala kuguna. Shemeji alipima taratibu, kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Niliogopa, nasema wazi. Uhai wa Mwalimu ulikuwa mkononi mwa mtu niliyetoka kumuuliza kuhusu miwani.

Alipomaliza, Daktari akafunua namba moja moja hadi akafika kwenye ile yetu.

"Hamsini na sita," akasoma.

Kwa jicho la Shemeji, hamsini na sita imeshuka hadi arobaini na tisa. Kwa jicho langu, arobaini imeshuka hadi thelathini na tano. Hatukukubaliana ukingo uko wapi, na nadhani hatutakubaliana kamwe, ila wote wawili tuliona uvimbe unasinyaa. Kosa lilikuwa kuchukua mwanzo wangu na mwisho wake, kisha kupiga hesabu kana kwamba ni mkono mmoja.

"Dawa inaendelea," Daktari akasema, tayari yuko mlangoni.

Nilimpa Shemeji mkono. Akauangalia kwanza, eti anahakikisha hauna kisu.

"Samahani kwa ile ya miwani," nikamwambia.

"Nimeshazoea. Nimeoa kwenu."

Koridoni, Mwalimu alimwomba Daktari arudie aliyosema. Akarudia. Mama yule akatoa simu kwenye mkoba, akampigia binti yake.

"Mwanangu, ile harusi yako mliyoivuta hadi Jumamosi hii kwa ajili yangu, irudisheni Desemba. Ndiyo, Desemba. Nitakuwepo, acha kulia. Na mwambie fundi asiikate nguo yangu sasa hivi. Kufika Desemba nitakuwa nimenenepa."