Mwanamke Aliyeanguka Farasini

"Huo umekufa, Solange. Utupe."

Bwana Tissot, mkuu wa karakana ya kukarabati filamu za zamani mjini Lyon, aliziba pua. Mkebe uliokuwa mezani ulinuka siki, na ukanda ndani yake ulikuwa umegandana kama tambi za jana.

"Mwisho tu ndio umeoza," Solange alijibu bila kuinua macho. "Nipe wiki moja."

"Wiki nzima kwa makauboi wa Camargue, huko kusini mabwawani? Hata hadithi yenyewe haieleweki!"

"Na ndoa yako je, inaeleweka?"

Karakana ikaangua kicheko. Tissot naye akacheka, na wiki ikapatikana.

Kwa miaka ishirini na tisa filamu za kila namna zilikuwa zimepita vidoleni mwa Solange Perrachon: za kimya zenye nyuso zilizopakwa unga, za vita, za mizimu, za vyombo vya angani vilivyotengenezwa kwa maboksi, na hizi za siku hizi ambamo mvua inanyesha tu na mtu anatazama dirishani. Zote alizipenda. Hata katika ile mbovu kabisa, alisema, kuna mtu aliyejitoa kwa moyo wote.

Katika hii, mtu huyo alikuwa na binti. Bi Huguette Marnas, aliyekaribia miaka tisini, alikuwa ameandika barua: mama yake ndiye aliyeanguka farasini badala ya mwigizaji mkuu. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata, Huguette akiwa na miaka mitatu. "Sikumbuki kumwona akitembea," aliandika.

Solange aliutenganisha ukanda kwa wembe, akatengeneza vitundu vya pembeni vilivyoraruka, kimoja kimoja, pumzi ameibana. Alhamisi ukakatika palepale farasi anapojikwaa. Picha nne zikawa vumbi. Akajipangusa vidole. Kisha akainama tena.

Ijumaa mchana Bi Huguette alifika na fimbo yake, midomo ameipaka rangi nyekundu. "Nimejipamba," alisema. "Mtu haendi kwa mamake ovyoovyo."

Taa zikazimwa. Farasi akaja mbio ukutani, kandokando ya bwawa, filamu ikaruka kidogo pale zilipopotea zile picha nne, na mwanamke akabingirika matopeni. Tissot, aliyesimama mlangoni, alidhani imeisha. Lakini mpigapicha hakuwa ameacha kuzungusha mtambo wake. Katika ile sehemu iliyooza, kati ya madoa, mwanamke aliinuka, akacheka kumwelekea mtu asiyeonekana, akaokota kofia na kuikung'uta pajani.

"Simamisha, mwanangu!"

Solange akasimamisha.

"Anatumia mkono gani?"

"Wa kushoto, Bi Huguette."

"Shuleni walikuwa wakiufunga wangu kwa kamba," bi kizee alisema. "Wakiniuliza nimeurithi wapi."

Akauinua mkono wake wa kushoto kwenye mwanga, na kivuli chake kikatua ukutani, karibu na kofia.