Mfereji wa Maji Matupu

Tik. Kimya. Tik. Katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, Nestory alikisikia tu kipasha joto kikiwaka na kuzimika, kikichemsha na kupoza tone la damu ya mpwa wake. Nje jua la Nyakato lilikuwa kali. Humu ndani, giza na jasho.

Mtoto alikuwa wa mdogo wake, Hellen. Baba wa mtoto walikuwa wamemzika Sengerema, na kila mtu alijua kwa ugonjwa gani. Hellen mwenyewe alikwishapimwa, anavyo virusi vya UKIMWI. Kipimo cha kawaida kisingemsaidia mtoto, kwa kuwa damu ya kichanga hubeba bado kinga za mama. Lakini kioo hiki cha majaribio kilicholala juu ya kipasha joto, kidogo kama ukucha wa dole gumba, kilitafuta virusi vyenyewe. Kikiipata DNA yao ndani ya vijifereji vyake, huizidisha nakala juu ya nakala mpaka mfereji ung'ae.

"Nestory!" Bi Ng'washi, mama mkwe wa Hellen, aligonga mlango. "Hicho kigae chako kinaatamia mayai?"

"Subiri kidogo, mama."

"Nisubiri nini? Mtoto akiwa navyo, Hellen hapandi kivuko cha Sengerema na mimi. Nimeshamzika mwanangu, inatosha!"

Mlio ukakoma. Nestory akawasha taa ya bluu, akainama. Mfereji wa mtoto uling'aa kijani kibichi. Akageukia mfereji wa pili, aliokuwa ameujaza maji safi tu ili uwe shahidi.

Nao uling'aa.

Maji matupu hayaugui. Hapo akakumbuka. Wageni waliomletea vioo hivi walisema kioo kikishatumika kitupwe, naye akawacheka: watu wenye mali ya kutupa! Akakichemsha kile cha mgonjwa wa mwanzo, akakisuuza kwa spiriti, kama mamake alivyosuuza chupa za mafuta, akakitia damu ya mtoto. Nakala za virusi vya mgonjwa yule zilikuwa zimebaki mle. Sasa kijani kile kingeweza kuwa cha mtoto, au cha uchafu.

Alifungua mlango. Angeweza kuusingizia umeme. Hellen alimtazama, mtoto kifuani.

"Kaka, sema."

"Nimeharibu mimi. Nilitumia kioo nilichokiosha. Kimebaki kipya kimoja, lazima nimchome tena."

"Kwa hiyo anavyo?"

"Sijui."

"Hajui!" Bi Ng'washi akajifunga kanga kiunoni. "Msomi wetu huyu, kaosha kioo kama sufuria! Mimi kivuko hakinisubiri."

Visigino vyake vikapiga sakafu, vikapotea. Hellen hakumwita. Alikifunua kisigino kidogo cha mwanawe, akakielekeza kwa kaka yake.

"Jibu likiwa baya utanificha," alisema.

Nestory alishika kile kiguu. Kilikuwa na moto, kikirusha mateke.

"Sikufichi, mdogo wangu. Liwe zuri, liwe baya, utalisikia kinywani mwangu kabla ya mtu yeyote. Na likiwa baya, leo hii tunakwenda kwangu Mabatini, wewe na mwanao. Nimekuahidi."