Nati ya Trekta la Kaza

Mume wangu watu wanamwita Kaza, na mgeni akishinda kwetu siku moja tu haulizi kwa nini. Bomba la jikoni akilifunga yeye, utalifungua kwa koleo. Chupa ya asali akiifunga yeye, asali hiyo haitaliwa mpaka arudi kutoka kazini. Nilikuwa namwambia, "Baba, hivi unamfungia nani?" Anacheka. "Kikilegea kitavuja," ndilo jibu lake.

Mwaka huu mkono huo ulilala. Kiharusi kilimkuta mezani, kijiko kikiwa mkononi. Nilikimbia mpaka zahanati bila viatu. Nesi aliyekuwa zamu akaja nami mbio, akamtazama mdomo ulivyokwenda upande, na kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Hospitalini daktari akaniambia, "Mama, mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine." Basi nikarudishiwa mtu wangu. Mguu anauburuta, mkono wa kulia haushiki kitu, na maneno yako kichwani tele ila hayafiki mdomoni. Lakini yuko. Asubuhi nafungua macho namkuta ananitazama, nasema alhamdulillahi kimoyomoyo kabla sijashuka kitandani.

Kazi yake ilikuwa kukata nyasi kwa trekta dogo, lile la kukalia, lililopauka wekundu wake na kiti kuchanika. Nyasi za zahanati alikuwa akikata yeye. Tangu augue hakuna aliyezigusa. Zilifika magotini, akina mama wenye watoto mgongoni wakawa wanazunguka kwa nyuma kwa kuogopa nyoka. Nikajisemea, sina zawadi nyingine ya kumpa nesi yule. Nitazikata mimi.

Ila kila mwaka kabla ya kuanza kukata, oili hubadilishwa. Hilo nililijua. Chini ya injini kuna nati ya kumwagia oili chafu. Unaifungua, inamwagika, unaifunga, unatia mpya. Nilimwona akifanya hivyo miaka yote. Kuona na kutenda ni watu wawili.

Nikalala chali kwenye gunia bandani. Kaza nilimsogeza na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni apate hewa, fimbo mapajani. Nikaweka spana, nikavuta. Kimya. Nikavuta kwa mikono miwili, spana ikateleza, vidole vikagonga chuma, ngozi ikabaki huko. Nati ilikuwa imeng'ang'ania kama kupe kwenye sikio la mbwa. Nilipoitazama vizuri, kona zake zimeanza kulika. Zikiisha kona, spana itashika nini?

"Unaugulia nini huko chini?"

Alikuwa wifi yangu, dada yake Kaza. Alikuwa akifua nje, akaja mikono inachuruzika povu. Amepika shule ya bweni maisha yake yote. Mikono yake ni kama michi ya kinu. Alikuja kutusaidia kumwogesha kaka yake, na kibegi kidogo tu. Kibegi kikaingia chini ya kitanda, hakikutoka tena. Alihamisha chumvi, akahamisha sufuria, akapanga upya hata dawa. Mimi na yeye tulikuwa tunaishi kwa "haya" na "sawa". Wifi na wifi, mnajua wenyewe.

"Nati haifunguki," nikasema.

"Nani aliifunga?"

Tukageuka wote wawili kumtazama Kaza. Akaangalia juu, kwenye paa.

"Toka," wifi akasema. Akaingia chini yeye, mwili wake wote ule, akabaki miguu tu nje. Akavuta. Trekta likatikisika, nati haikutikisika. Akatukana tusi la jikoni ambalo sitaliandika. Ndipo fimbo ikagonga mabati ya mlango. Pa! Pa! Pa!

"Mo," alisema Kaza. "Mo... mo..."

"Moyo?" Nikaruka, spana ikaanguka. "Moyo unakuuma? Wifi, toka, moyo!"

Akatikisa kichwa kwa hasira.

"Moshi?" wifi akauliza kutoka chini. "Mboga? Kaka, una njaa?"

Kaza akafumba macho kama mtu anayeomba subira kutoka kwa Mungu. Halafu akanyoosha fimbo mpaka kwenye msumari uliotundikwa ufunguo wa trekta. "Mo... to."

"Moto! Tuwashe moto karibu na oili? Kaka, ndiyo mwisho wetu huo."

Lakini mimi nilishaelewa. Alikuwa akisema tuwashe injini kwanza. Ndivyo alivyokuwa akifanya: analingurumisha kidogo, anazima, ndipo anaingia chini. Miaka yote nilidhani anaipenda sauti yake tu. Betri ilikuwa imetoka kuchajiwa. Nikakaa kwenye kiti kilichochanika, nikazungusha ufunguo. Likakohoa. Likakohoa tena, likapiga chafya ya moshi mweusi, likawaka. Nilimtazama mume wangu. Upande mmoja wa uso wake hauchezi siku hizi, lakini ule mwingine ulikuwa unacheka kwa niaba ya yote.

Tulipozima, chuma kilikuwa na joto la kikombe cha chai. Kaza akaonyesha kisanduku cha spana kwa fimbo, nikampa. Akachakura kwa mkono wa kushoto, polepole, akiinua moja na kuirudisha, mpaka akapata spana ya duara, ile inayomeza kichwa cha nati chote. Nikaijaribu, haikuingia, ilikuwa ndogo kidogo. Nikamrudishia. Akaisukuma tena kwangu, akafanya ishara ya nyundo.

"Anasema uipige iingie kwa nguvu," wifi akasema. "Ikibana, haitateleza."

Kwa mara ya kwanza tangu aje, nilifanya alivyosema. Nikapiga. Spana ikakaa kwenye nati kama pete kwenye kidole kilichovimba. Wifi akachomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili urefuke, tukakishika pamoja, yeye chini, mimi nimepiga magoti ubavuni, bega kwa bega kama watu wanaosukuma mlango mmoja.

"Kaka akikohoa, tunavuta," wifi akasema.

Kaza akakohoa. Tukavuta.

Ta!

"Imekatika!" nikapiga kelele. Nikaona nyasi, nyoka, nesi, vyote kwa pamoja.

"Imekatika nini, wewe? Inazunguka!"

Na kweli, ilikuwa inazunguka. Wifi akaimalizia kwa vidole, na oili ikashuka, nyeusi, ya vuguvugu, ikampitia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba hatukuweka chombo. Wifi alichomoka mle chini kwa wepesi ambao sikuutegemea, akatoka nje, akamwaga nguo zake safi majanini, akarudi na beseni lake. Oili ikaingia ndani ikilia kama maziwa yanavyolia kwenye ndoo. Gauni lake la kutokea lilikuwa juu kabisa ya rundo lile, na lilishapata alama ya kiganja chake.

Tulikaa chini tukaitazama inavyoisha. Nikamwambia, "Wifi, ahsante."

"Kwa gauni?"

"Kwa gauni. Na kwa kumwogesha. Na kwa kuja."

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Ni kaka yangu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na wewe umemtunza. Nimeona. Chumvi nitairudisha."

"Iache hapo. Nimeshaizoea."

Kaza alinyoosha kiganja apewe nati. Akapitisha kidole gumba kwenye meno ya nati, akairidhia. Tukaifunga, tukatia oili mpya.

Jumatatu nililiendesha trekta mwenyewe hadi zahanati, wifi akinifuata kwa miguu huku akisukuma kiti cha kaka yake na kunipigia kelele kwamba napinda. Nilipinda kweli. Mistari yangu ilikwenda kama mlevi anayerudi kwao, na kona moja ya uwanja niliinyoa mpaka udongo. Lakini nyasi zilikatika. Kina mama walianza kupita katikati, harufu ya majani mabichi ikajaa mpaka chumba cha sindano.

Nesi akatoka barazani, akamwona aliyeketi kwenye kiti. Akashika mdomo.

Kaza akajiweka sawa. "A," akasema. "A... sa..."

Wifi akafungua mdomo kumsaidia, nikamshika mkono. Nesi alivuta benchi, akakaa mbele yake, magoti karibu kugusana, akasubiri neno limalizike, kama mtu ambaye siku hiyo hakuwa na kazi nyingine yoyote.