Watoto Hawahesabiwi

Mkaguzi alipofika, Tabitha alikuwa hoi tangu alfajiri. Mtoto wake mgongoni, alikuwa ameteka maji, amekoroga sufuria la uji, amepangusa kamasi za kila pua iliyopita mlangoni, na siku yenyewe bado ilikuwa changa.

Darasa lake la watoto wadogo lilikuwa nyumba ya udongo mlimani, juu ya kijiji cha Nkoaranga, mwendo wa saa nzima wa kupanda kutoka barabarani. Mwaka mmoja nyuma hapakuwa na darasa. Akina mama walipokwenda kuchuma kahawa, watoto walibaki wakicheza kando ya mfereji, mpaka siku maji yalipomchukua mwana wa mmoja wao, Sinyati. Ndipo Baraza la Wenyeji likakubali kutoa ruzuku kwa majaribio: mshahara wa mwalimu na unga wa uji. Leo majaribio yalikuwa yamefika mwisho. Karatasi ya mkaguzi ikisema vibaya, mlango unafungwa na watoto wanarudi mferejini.

Mkaguzi msaidizi, Bwana Thomasi, mtu wa Bukoba, aliingia na matope mpaka magotini.

"Gari limekwama huko chini," alisema, hata kabla watoto hawajamaliza shikamoo yao. "Nina shule nne leo. Tuanze."

Watoto waliimba. Walitaja siku za juma. Walihesabu maharage mpaka thelathini, na Susana, msichana wa miaka sita asiye na meno ya mbele, akaendelea peke yake mpaka arobaini, ikabidi azuiwe. Bwana Thomasi alitia alama moja baada ya nyingine. Tabitha akaanza kuvuta pumzi vizuri.

"Sasa, Susana, wahesabu wenzako. Humu ndani mko wangapi?"

Susana akafumba mdomo. Akatazama miguu yake.

"Haya, wewe," mkaguzi akamwambia mvulana aliyekaa mbele, Sumari.

"Bibi kasema ukihesabu watu, mmoja anapotea."

"Mjibu hivyo hivyo!" ilisikika sauti dirishani. Ilikuwa ya Bibi Anyesi, aliyekuwa akimleta mjukuu wake kila asubuhi kisha akibaki nje na wenzake wakipukuchua mahindi. "Anatoka wapi huyu, anataka kutupunguzia watoto? Kwao wamezidi?"

Vikongwe wenzake wakacheka. Tabitha hakucheka. Alijua akimlazimisha mtoto mmoja tu kuhesabu wenzake, kesho nusu ya darasa haitaonekana.

"Bwana Thomasi, hapa watoto hawahesabiwi. Hata ng'ombe hawahesabiwi."

"Na rejista unaijazaje, mama?"

"Natia alama kwa kila jina. Kujumlisha ni kazi yako, ndiyo maana unavaa viatu vya ngozi."

Mkaguzi akatazama viatu vyake vilivyojaa matope, akaguna. "Karatasi inasema wahesabu wenzao. Sikuitunga mimi."

Tabitha akafikiri upesi. Akaweka bakuli katikati ya chumba, akamwambia kila mtoto aje na haragwe moja alitumbukize. Wakaja mmoja mmoja. Kisha Susana akaliinamia bakuli.

"Maharage hesabuni mpaka kesho," Bibi Anyesi akatoa ruhusa kutoka dirishani.

"Ishirini na sita!" Susana akasema.

Bwana Thomasi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akafungua rejista, akapitisha kidole juu ya alama za siku ile, na tabasamu likamwishia.

"Hapa pana thelathini na wawili. Sharti la Baraza ni wasipungue thelathini."

Kwa haraka yake ya kuonyesha kuwa wanajua, Tabitha hakuwa amefikiria wale sita waliokwisha kuondoka.

"Wote wamekunywa uji hapa asubuhi, nikawatia alama. Saa tatu mama zao wakaja kuwachukua. Kahawa imeiva, na matawi ya chini huchumwa na watoto. Ulitaka niwafunge kamba?"

"Ulijua watachukuliwa?"

"Mlima mzima unajua. Ni nyinyi mliochagua kuja mwezi wa saba."

Bwana Thomasi akabandua matope kwenye suruali yake. Kisha akazungumza chini chini.

"Sikiliza, mama. Nikiandika kwamba wameweza, lazima niandike na idadi waliyopata. Hapo darasa linafungwa, na si mimi nitakayelifunga. Nikiandika kwamba hawakuweza kuhesabu wenzao, nitachukua idadi ya rejista yako. Darasa litabaki, lakini litawekwa kwenye orodha ya madarasa dhaifu. Mshahara utakuja. Unga hautakuja."

"Yaani darasa la wajinga, au hakuna darasa."

"Sikusema hivyo."

"Umesema."

Mwaka mzima alikuwa amewafundisha kuhesabu kwa maharage, kwa vidole, kwa buni za kahawa, mtoto wake mgongoni na kuni zinafuka moshi. Kama kulikuwa na jambo moja la kujivunia, ni hilo.

"Andika hawajui," alisema.

Kalamu ikakwaruza. Susana alikuwa bado amesimama kando ya bakuli.

"Mwalimu, sikukosea. Ni ishirini na sita. Nihesabu tena?"

"Hukukosea. Kaa chini."

"Mbona anaandika—"

"Susana. Kaa."

Mkaguzi alipokwisha kuteremka kulifuata gari lake, Tabitha alitoka nje na rundo la mabakuli machafu.

"Kuanzia Jumatatu kila nyumba ilete kibaba cha unga," aliwaambia akina bibi.

"Na ule wa Baraza?"

"Umekwisha."

Bibi Anyesi akaacha kupukuchua. "Kwani wamefeli?"

"Wamebaki," Tabitha akajibu, akainama kuosha.

"Mimi unga wangu una mchanga, mwanangu. Nakuambia mapema."

"Ulete hivyo hivyo, bibi. Tutachekecha."