Mama Mbele, Baba Nyuma

Mara tatu nilimwambia yule fundi viatu kwamba hayumo. Mara tatu alishukuru akaondoka, nami nikarudi kwenye kanzidata yangu ya vizazi, hapa ofisi ya usajili, nikijiona mjuzi. Leo nakiri: ulikuwa uvivu mtupu.

Alilelewa na watu baki. Alichoachiwa ni jina la mama aliyemzaa, basi.

"Nina miaka sitini na mbili, mwanangu," aliniambia. "Nataka kujua mama aliniita nani."

Faharasa yetu, ile orodha inayoionyesha mashine pa kutazama, ilipangwa kwa jina la baba, kisha la mama. Usipokuwa na baba, mashine husoma mistari milioni nne mmoja baada ya mwingine, ikachoka, ikakata bila jibu. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nikisema "hayumo".

Safari ya nne nikamweleza hayo. Alinitazama kama mtu aliyeona kiatu kimeshonwa nje ndani.

"Mama anajulikana siku zote. Baba, mara yupo, mara hayupo. Sasa nyie mnaanzaje na baba?"

Niliudhika, maana ukweli unauma.

Nikajenga faharasa mpya pembeni, mama mbele, baba nyuma. Ya zamani sikuigusa kwanza. Ningeifuta mapema, madirisha yote sita ya kuhudumia watu yangesimama na bosi angenila mzimamzima. Dakika arobaini mzee alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Mpya ilipokamilika, nikaiondoa ya zamani. Hakuna aliyeshtuka kwenye foleni.

Nikaandika jina la mama yake, nikabonyeza. Sijainua kidole, jibu limeshafika. Sikuwa nimemhamisha mtu hata mmoja. Wote milioni nne walikuwa palepale walipoandikwa, naye miongoni mwao, miaka yote niliyokuwa nikimkana.

Ilikuja mistari miwili. Mama mmoja, siku moja, miaka sitini na mbili iliyopita, tofauti ya dakika kumi na mbili. Wa kwanza mvulana. Wa pili msichana, na mbele ya jina lake imeandikwa kwamba alichukua nakala ya cheti mwezi uliopita, dirisha la nne.

Nilimsomea jina lake. Sidhani kama alilisikia. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa chini.

"Na huyu?"

"Pacha wako, mzee. Yuko hai."



"Kumbe," akasema, "mimi ni kaka wa mtu."