Hapa ni Njau Sound, Ruiru

Mume wangu Njau alikuwa na maneno kuliko redio. Duka letu la Ruiru lilikuwa moja, tukaligawa kwa plywood. Upande huu mimi nauza maziwa na mkate, upande ule yeye anatoa nyimbo kwenye santuri na kuzitia kwenye kaseti. Na kila kaseti, kabla wimbo haujaanza, lazima aingize sauti yake kwa maikrofoni: "Hapa ni Njau Sound, Ruiru, na hapa hatukosei!" Hata nyimbo za mazishi. Nilimwambia, Baba Lynn, mtu aliyefiwa hataki matangazo. Akaniambia niuze maziwa.

Mwaka wa tisini na nne akaja Firdaus, mwalimu wa nasari, mteja wangu wa kila siku. Baba yake, Mzee Idarous, alikuwa muuza vitambaa kule Thika. Siku hiyo hakutaka maziwa. Alikuwa amekumbatia santuri kubwa kifuani kama mtoto mchanga. Kwenye jalada chombo cha angani kilielea kati ya nyota, na upande wa nyuma walisimama vijana watano waliovaa kama watu wa kwenda mwezini. Mmoja wao alikuwa mweusi, nywele zimemfika mabegani.

"Huyu ni Zuhair, ndugu yangu," alisema. "Ako Ujerumani. Anapiga drums kwa hii bendi."

Akatueleza kwamba ni muziki wa metal, ule wa magitaa makali, na santuri nzima ni hadithi moja. Dunia imeharibika, watu wa mwisho wamepanda chombo kutafuta nyota nyingine, kisha wakapotea huko. Mwisho kabisa muziki unanyamaza, na kila mwanabendi anatuma salamu nyumbani kwa lugha ya kwao.

"Wazee wanataka tu kusikia sauti yake," Firdaus alisema. "Nyumbani tuko na radio-kaseti peke yake. Na December anakuja. Tangu aende hatujamwona."

Njau akaiweka santuri. Mimi niliisikia kupitia plywood. Magitaa yalikoroma, ngoma zikaburuta miguu, mwimbaji akalia kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope.

Firdaus akakunja uso. "Lakini Zuhair aliniandikia hii muziki ni ya mbio sana. Hii mbona inatembea?"

"Mwalimu, mimi nikuje nikufunze ABC?" Njau alimjibu. "Santuri ndogo inazunguka arobaini na tano kwa dakika, kubwa thelathini na tatu. Hiyo ni sheria. Na mbio ya Mzungu si kama yako."

Mtoto wa watu akaona haya, akainama kutafuta pesa za kaseti. Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na akanisikia.

Hakurudi kwa muda, hata maziwa akawa ananunua kwingine. Siku aliyorudi alikuwa na ile santuri mkononi, akaiweka juu ya kaunta bila kuitazama.

"Baba hataki ikae kwetu. Muiweke ama muitupe."

Nilimpa kiti, Njau naye akatoka upande wake. Ndipo akasema. Walikuwa wamekusanyika sebuleni baada ya swala ya Ijumaa, mashangazi, wajomba, majirani, chai imeandaliwa. Salamu zikafika, na ulimi wa Zuhair ulikuwa mzito, kila neno linajivuta, kama mtu anayetoka baa akishika ukuta.

"Mama alisema pengine ni redio imeharibika. Baba akarudisha kaseti mwanzo. Akasikia sauti yako, Baba Lynn, imenyooka kabisa. Akasema redio ni nzima, Njau ni mzima, mlevi ni mtoto wangu. Amemtolea mama yake salamu ya Mungu akiwa amelewa." Akapangusa macho. "Akampigia simu hapo hapo, watu wote wakisikia. Akamwambia asikuje, na asipige simu tena. Zuhair alilia, akaapa hajawahi kuonja pombe. Baba akamwambia, nimekusikia na masikio yangu."

Njau akatikisa kichwa. "Pole sana, mwalimu. Ulaya inaharibu vijana."

Alisema hivyo mume wangu. Kwa kinywa chake.

Siku chache baadaye Kisilu wa Githurai, DJ wa harusi, alikuja kutafuta nyimbo za benga. Njau akamchezea santuri ndogo, wakafurahi. Kisha akataka kumchekesha. "Ngoja usikie vile Wajerumani hulia kama ng'ombe." Akaiweka ile ya Zuhair, akasahau kurudisha kidude cha mwendo kwenye thelathini na tatu.

Duka zima likatetemeka. Yale magitaa yaliyokuwa yakikoroma sasa yalipasua hewa, na ngoma zilikuja kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisilu akaruka: "Eish! Huyu drummer ni nani?" Nilipochungulia, Njau alikuwa ameshaifikia mashine. Aliinua sindano, akaishusha mwishoni. Ikatoka sauti changa, safi, ya kijana aliyelelewa akaleleka: "Asalaam aleikum, baba. Asalaam aleikum, mama. Ni Zuhair. Nyota huku ni nyingi, lakini njia ya nyumbani naijua."

Njau akazima mashine. Akaitoa santuri, akaisogeza karibu na macho. Katikati, kati ya maneno ya Kijerumani, palikuwa na arobaini na tano. Imeandikwa ndogo, lakini haikufichwa. Hakuwahi kuisoma. Asome ya nini, na yeye ni Njau?

"Nitapea Firdaus kaseti ingine apeleke," aliniambia Kisilu alipoondoka.

"Firdaus? Yule ulimnyamazisha? Abebe makosa yako mpaka Thika?" Nilikuwa na hasira, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe, kwa kile kicheko. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, Baba Lynn. Wewe umejikwaa ulimi. Vaa koti twende."

Mzee Idarous alitupokea dukani kwake, katikati ya vitambaa, na mkewe Mama Tausi akatuletea viti. Firdaus alisimama mlangoni. Mzee akatia kaseti mpya kwenye redio, akangoja.

"Leo hujajitangaza," alimwambia Njau.

Njau akainamisha kichwa.

Salamu zikatoka, nyoofu. Mama Tausi akaziba mdomo kwa leso. Mzee akarudia kusikiliza, kisha akauliza polepole, "Na ile ya kwanza?"

"Ni mimi, mzee. Niliizungusha pole pole. Mwalimu aliniuliza, na mimi nikamkejeli. Kijana wako hakuwa amelewa."

Laiti angetutukana. Nilitamani atutukane, atufukuze na ile miti ya kupimia vitambaa. Alikaa tu, mikono magotini. "Nilimwita mlevi mbele ya ukoo wote," alisema. "Na aliniapia."

Akavuta simu, akazungusha namba ndefu. Duka lilikuwa kimya, tukasikia ikiita, na kijana akajibu kwa Kijerumani. Mzee akafungua mdomo. Kilio kilikuwa kimemkaba koo, kila neno likatoka zito, linajivuta. "Zu… hair. Mwa… nangu…"

"Nani huyu?" ilisema ile sauti safi.

"Ni… baba… yako."

"Wewe si baba. Baba alishasema basi. Na sauti yake naijua. Wewe ni nani, na mbona unanipigia ukiwa umelewa?"

Mzee alifumba macho. Akanyoosha mkono, akampa Njau simu.

"Sema wewe," alisema. "Wewe ndiye sauti yako imenyooka."

Njau akaishika kwa mikono miwili. Akakohoa. Mimi nilitazama sakafu.

"Hapa ni Njau Sound, Ruiru," alianza, kwa mazoea, "na hapa…" Akakwama. "Na hapa nilikosea."