Mbili Fupi, Moja Ndefu

Kinyozi hajinyoi, tunaambiwa, lakini hakuna aliyetuambia mwalimu wa udereva afanye nini jicho likimzimikia. Huyu wetu, aliyejulikana mjini kama Mwalimu Klachi, jicho lake la kulia lilianza na ukungu, likaishia gizani, na daktari hakumzungusha: kuendesha gari basi. Chuo cha udereva hakikumtupa. Kilimweka ndani, kwenye ile meza kubwa iliyochorwa mji mdogo wenye barabara, taa na vigari vya kuchezea, awafundishe wanafunzi alama na nani ampishe nani. Gari la mafunzo, lenye kibao cha L juu ya paa, alikabidhiwa kijana mmoja mcheshi aliyefundishwa na Mwalimu mwenyewe, na tangu siku hiyo pale chuoni wakawa wanamwita Mrithi.

Sasa kazini ataendaje? Mkewe alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya sare za shule, ng'ambo ya daraja, hatua chache tu kutoka chuoni, na alikuwa akienda kwa baiskeli tangu watoto wao wakiwa wadogo. Baiskeli ya kijana wao mkubwa ilikuwa imelala stoo tangu alipooa akahama. Mama mtu aliitoa, akaifuta vumbi, akaitia mafuta kwenye mnyororo.

"Twende wote," alimwambia mumewe huku akijaza upepo. "Utaendesha hii nyuma yangu. Nikikuambia shimo, ujue ni shimo."

Mwalimu alicheka. Kichwani mwake baiskeli ilikuwa upepo wa bure na mazoezi ya bure. Miaka yote alikuwa akimtania mkewe kwamba katika nyumba ile wengine wanakwenda kazini, yeye anakwenda matembezini.

Na asubuhi ya kwanza alidhani hakukosea. Walipita uchochoroni nyuma ya nyumba, penye kivuli na harufu ya mkate kutoka kwenye tanuri la jirani. Mkewe aliendesha huku akiimba kwa pua, akigeuka kumsimulia habari za msimamizi wao anayelala kwenye marobota ya vitambaa. Mwalimu alimtazama mgongo akaona mgongo wa msichana. Alishangaa kwamba mtu anaweza kuwa na raha kiasi kile saa hizo, tena siku ya kazi.

Wakatokea barabara kuu, kwenye kituo cha mafuta. Hapo wimbo ukakatika. Ukingo wa lami ulijaa mchanga, na mifuniko ya mitaro ilikuwa na matundu ya kumeza tairi. Malori yalipita karibu mpaka shati la Mwalimu likawa linavutwa. Mabega ya mkewe yalipanda yakakaa karibu na masikio, na yale maneno mengi yakabaki mawili tu, shimo na mchanga. Mwalimu, ambaye barabara ile aliijua kama kiganja chake, aligundua kwamba alikuwa akiijua kutoka juu ya kiti chenye sponji.

Walipokaribia daraja mkewe akashuka. Akaanza kuikokota baiskeli pembeni kabisa, kwenye kale kanjia ka waenda kwa miguu.

"Mbona unashuka? Daraja lenyewe halina mlima."

"Nimezoea."

"Umezoea nini?"

Mkewe alifuta viganja kwenye sketi, kimoja kisha kingine. "Mwalimu, si hapa ndipo tulipokuwa tukikutana?"

Hakusema kwa ukali, na afadhali angefoka. Maana Mwalimu alikumbuka mara moja. Kila asubuhi, saa hiyo hiyo, aliwaleta wanafunzi wake darajani kwa makusudi, kwa sababu alijua mkewe atakuwa anavuka. Alihitaji baiskeli ya kufundishia, na hii ilikuwa yake mwenyewe. "Yule ni mke wangu," alikuwa akimwambia mwanafunzi. "Usiogope, hawezi kunishtaki. Sasa piga. Mbili fupi za kumwamsha, moja ndefu ya kumwondoa, na breki usiiguse. Baiskeli itapisha yenyewe." Na kweli ilipisha. Mwanafunzi alicheka, Mwalimu akatoa mkono dirishani akapunga.

Jioni aliuliza, "Leo nimekusalimia, umesikia?"

"Nimesikia," mkewe alijibu, akaenda kubandika chai.

Yeye aliyaita hayo mapenzi. Watu wengine wanapeleka maua, alijisifu kwa wenzake chuoni, mimi napeleka honi.

"Si ungeniambia," alisema sasa.

"Nilikuambia. Ukasema honi haiui."

Kweli, Mwalimu alikuwa amesema hivyo. Tena aliwasimulia darasani, wakacheka wote. Mwalimu akashuka naye akakokota baiskeli, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Wapita njia walimwamkia kwa heshima zote, naye aliitikia akitazama chini.

Siku zile mezani pale chuoni aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona alipokuwa na macho mawili. Katika mji ule mdogo kulikuwa na magari, malori, hata kijigari cha zimamoto. Baiskeli haikuwepo hata moja. Aliitazama ile meza wanafunzi wakimsubiri, akasahau alichotaka kusema.

Alitaka kitu kimoja tu: mkewe avuke lile daraja akiwa amepanda, na wimbo wake mdomoni. Alimwomba. Mkewe alikataa, akaombwa tena, akakataa. Mwisho, asubuhi moja yenye magari machache, Mwalimu alisema, "Leo hakuna wa kukusumbua. Mimi nipo."

Mkewe akapanda.

Walifika katikati ya daraja. Mabega ya mkewe yalikuwa yameanza kushuka, Mwalimu aliyaona kabisa. Ndipo honi ikalia nyuma yao. Mbili fupi, moja ndefu. Upande wake wa kulia kulikuwa giza tupu, na katika giza hilo ukuta wa bati ukapita ukimgusa kiwiko. Mbele yake mkewe alikata kona kwenye ukingo, tairi likagonga zege, akaanguka kwa magoti na viganja.

Gari lenye kibao cha L lilisimama. Mrithi alishuka anacheka, amefungua mikono. "Shikamoo, Mwalimu! Nimeona mgongo wako nikamwambia mwanafunzi, hebu tumsalimie mzee kwa salamu yake." Ndipo alipomwona aliyekuwa chini, kicheko kikamkauka. "Mama! Nisamehe, mama. Sikujua kama ni wewe."

Mkewe Mwalimu aliinuka mwenyewe. Sketi ilikuwa imechanika gotini na damu inatoka kidogo kidogo. "Ningekuwa mwingine," aliuliza, "ingekuwa sawa?"

Mrithi akafanya wanachofanya wanafunzi wote wakikwama: akamgeukia mwalimu wake. Ndani ya gari mwanafunzi wake, msichana, aliinamia usukani, naye anamtazama Mwalimu.

"Hana kosa," Mwalimu alimwambia mkewe. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Najua," mkewe alisema. "Si mimi ndiye niliyekuwa ubao wenu wa kufundishia."

Mwalimu alitamani daraja lipasuke limmeze. Akamwambia Mrithi aiache ile honi, asiipige tena wala asimfundishe mtu.

"Sawa, Mwalimu. Sasa tuwafundishe nini?"

"Kukaa nyuma. Kusubiri nafasi, kisha kupita mbali."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Gari likaondoka polepole. Mwalimu alipiga magoti palepale, akafunga jeraha la mkewe kwa leso yake. Alidhani mkewe ataikokota baiskeli mpaka ng'ambo, na pengine maisha yake yote. Lakini yeye aliunyoosha usukani, akapanda.

"Pita ndani," Mwalimu alimsihi. "Leo mimi nikae upande wa magari. Angalau hilo."

"Kwa jicho gani?"

Mkewe akazunguka, akajiweka kulia kwake, kati yake na magari, wakaanza kwenda sambamba. Hawajafika mbali honi ikalia tena kwa nyuma. Mbili fupi, moja ndefu. Haikuwa ya Mrithi, yeye alikwisha kwenda. Inaweza kuwa ya dereva yeyote katika mji ule, maana wangapi hawakupita mikononi mwake? Mwalimu alijikunyata, akageuza kichwa kutafuta gari asiloweza kuliona.

Mkewe hakupisha.

"Wewe tazama mbele," alimwambia. "Huku nipo mimi."